Daraja la korongo la mchanga: uchambuzi wa kisa cha tathmini ya tabianchi katika mradi wa barabara mkoani Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu barabara moja ya wilaya katika mkoa wa Dodoma na daraja lake moja. Majina ya wilaya, kata, mfadhili na watu wote yameondolewa, na baadhi ya vipimo vimesogezwa kidogo ili mahali pasitambulike, lakini uhusiano wa hesabu umebaki kama ulivyokuwa. Mwandishi alikuwa mmoja wa watu watano walioandaa tathmini, kwa hiyo makosa yanayoelezwa hapa ni yake pia.

Usuli

Barabara ina urefu wa kilomita 18. Ilikuwa ya udongo, ikiunganisha kata mbili zinazolima alizeti, ufuta na mtama pamoja na mji mdogo wenye mnada kila wiki. Katikati yake inakatwa na korongo la mchanga lenye upana wa takriban mita 60. Kwa miezi mingi ya mwaka korongo hilo ni kavu kabisa, watoto huchunga mbuzi humo na akina mama huchimba visima vya kina kifupi ndani ya mchanga kupata maji. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wa mvua kuzunguka Dodoma mjini ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kiasi hicho si kikubwa. Tatizo ni kwamba sehemu yake kubwa hushuka kwa siku chache, kwenye ardhi ngumu yenye majani haba, na korongo lililokuwa kavu asubuhi hufurika kabla ya alasiri.

Kwa makadirio ya ofisi ya wilaya, siku 90 kwa mwaka malori hayakuweza kuvuka. Njia mbadala ilikuwa na kilomita 46.

Mradi ulikuwa wa kuweka changarawe barabara nzima, kujenga makalavati madogo na kujenga daraja la boksi kalavati, yaani masanduku ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara, kwenye korongo. Mfadhili alitaka, pamoja na Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, tuwasilishe tathmini ya tabianchi: mradi utaongeza au utapunguza gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia, hasa hewa ukaa) kiasi gani, na utastahimili vipi mabadiliko yanayokuja. Maswali hayo mawili yaliwekwa kwenye fomu moja, na tangu siku ya kwanza tuliyashughulikia kana kwamba ni swali moja.

Mlolongo wa matukio

*Hesabu ya kwanza*

Tulianza na gesijoto kwa sababu ndiyo iliyokuwa na jedwali lililokwisha kuandaliwa, na jedwali lililo tayari huvutia. Daraja lilihitaji takriban mita za ujazo 900 za zege. Kwa kilo 350 za saruji katika kila mita ya ujazo, hiyo ni tani 315 za saruji. Tulichukua kwamba kila tani ya saruji ya aina iliyopo sokoni hutoa kama tani 0.7 za hewa ukaa, sehemu kubwa ikitoka kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa, wala si kwenye kuni au makaa ya tanuri. Jumla ikawa karibu tani 220. Nondo, kokoto na mafuta ya mitambo viliongeza kiasi, lakini zege ndilo lililobeba mzigo.

Upande wa faida tulikadiria malori 30 kwa siku. Kila lori linalozunguka njia ndefu hutembea kilomita 28 za ziada. Kwa lita moja kila kilomita tatu, na kilo 2.7 za hewa ukaa kwa kila lita ya dizeli, ni kilo 25 kwa safari. Ukizidisha kwa malori 30 na siku 90, unapata tani 68 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo daraja lingelipa deni lake la zege katika muda unaozidi kidogo miaka mitatu, kisha libaki kupunguza gesijoto kwa miaka mingi. Tuliandika hivyo kwenye rasimu, na rasimu ilipokelewa vizuri.

*Swali la karani wa mnada*

Kosa lilifichuliwa na karani wa ushuru wa mnada, mtu ambaye hakuwa kwenye orodha yetu ya kuhojiwa. Tulikwenda kwake kuthibitisha idadi ya malori. Alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye kurasa za Februari na Machi, akauliza: "Sasa hayo malori thelathini ya masika mmeyapata wapi? Hapa kwangu masika hayafiki hata kumi."

Alikuwa sahihi. Malori 30 yalikuwa ya kiangazi. Wakati wa mvua mengi hayazunguki popote. Yanabaki mjini, na alizeti inabaki ghalani kwa mkulima au inauzwa kwa mlanguzi wa pikipiki kwa bei ya kutupa. Daftari lilionesha wastani wa malori sita kwa siku yaliyopitia njia ndefu. Akiba halisi, basi, ilikuwa tani 13 na kitu, si 68. Zaidi ya hapo, daraja likijengwa, malori 24 ambayo hayakuwa yakija masika yangeanza kuja, na kila moja lingetembea kilomita 18 kwa lita sita za dizeli. Hiyo ni takriban tani 35 mpya kila mwaka. Ukitoa akiba, barabara inaongeza zaidi ya tani 21 kwa mwaka.

Kwa hiyo mradi uleule, kwa zege lilelile na malori yaleyale, uligeuka kutoka mpunguzaji kuwa mwongezaji kwa sababu tu tulibadilisha sentensi moja: ile inayoeleza nini kingetokea kama mradi usingekuwepo. Hili si jambo la wilaya peke yake. Hata mchango wa Tanzania uliowasilishwa mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, wa kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, unapimwa dhidi ya hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote.

*Lori la mkaa*

Karani huyohuyo alituelekeza kwenye geti la mazao ya misitu, kibanda cha mabati chenye kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu kuvuka barabara. Pikipiki tatu zilikuwa zimesimama hapo, kila moja na magunia mawili ya mkaa yaliyofungwa lumbesa, majani makavu yakiwa yamesokotwa juu kuzuia mkaa usimwagike. Mlinzi wa geti alisema kwamba kiangazi mkaa huja kwa malori ya Fuso, lakini masika ni pikipiki tu.

Usiku ule tulikaa na kalamu. Fuso moja yenye magunia 100 ya kilo 50 ni tani tano za mkaa. Tanuri la udongo linalotumika porini huhitaji karibu kilo saba za kuni kavu kupata kilo moja ya mkaa, kwa hiyo ni tani 35 za kuni, ambazo nusu yake ni kaboni. Hiyo ni sawa na takriban tani 64 za hewa ukaa. Kichaka kikiachwa kichipue tena, sehemu ya hewa hiyo hurudi kwenye miti kwa miaka kadhaa. Kikigeuzwa shamba, hairudi. Kwa maneno mengine, Fuso moja ya ziada, kutoka kwenye kichaka kisichoachwa kupona, inakaribia kufuta akiba yote ya mwaka ambayo rasimu yetu ya kwanza iliijivunia. Na barabara inayopitika masika inaleta Fuso masika.

Fomu haikuwa na mstari wa mkaa. Mkaa ulikuwa nje ya mipaka ya mradi.

*Msumari kwenye mwimo wa mlango*

Upande wa ustahimilivu, mhandisi mshauri alikuwa amekadiria mafuriko ya miaka 25 kwa njia ya kukokotoa mafuriko ya Afrika Mashariki iliyoandaliwa miaka ya 1970, akitumia mvua za kituo kilicho umbali wa kilomita 70 hivi. Kazi yake ilikuwa safi. Hata hivyo, jina "mafuriko ya miaka 25" hupotosha watu wengi, hata baadhi ya wahandisi: mafuriko hayo yana nafasi ya asilimia 4 kila mwaka, na katika miaka 20 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni asilimia 56. Katika miaka 50, ambayo ndiyo maisha ya daraja, ni asilimia 87. Hayo ni kabla ya kuhesabu ongezeko la joto la dunia, na hewa ikipata joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7.

Mita mia moja kutoka korongoni kulikuwa na jengo la zamani la mashine ya kusaga. Mzee mwenye jengo alitutazama tukipima kwa muda mrefu kabla ya kuja. "Wanangu," alisema, "hapo mnapima maji ya kawaida. Ya Elinino yalifika huku." Alituonesha msumari uliopigwa kwenye mwimo wa mlango, na chini yake namba 98 iliyochorwa kwa kisu. Mhandisi alileta kipimia usawa. Msumari ulikuwa sentimita 70 juu ya uso wa daraja tulilokuwa tumesanifu.

Hatukuchukua neno la mtu mmoja. Tulikwenda nyumba nyingine tatu zilizokuwepo mwaka ule. Mbili zilitoa alama zinazotofautiana na msumari kwa shubiri moja tu. Ya tatu ilikuwa juu zaidi, lakini ilikuwa karibu na kijito kingine na maji yake yalikuwa na chanzo chake. Rekodi ya kituo cha mvua ilionyesha masika ya 1997/98 kuwa makubwa, ila siyo makubwa kiasi hicho, jambo lisiloshangaza kwa kituo kilicho mbali hivyo: dhoruba za kanda hii ni nyembamba, na mvua hunyesha kijiji kimoja ikaacha cha jirani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutenganisha ripoti. Sehemu ya gesijoto tuliiandika kwa kurasa tatu, tukasema wazi kwamba mradi unaongeza hewa ukaa kidogo na kwamba faida yake ni ya kipato na huduma. Uamuzi huu ulibishaniwa siku mbili nzima. Kiongozi wa timu alihofia kwamba mfadhili angesoma neno "unaongeza" na kufunga jalada. Hoja iliyomshinda ilikuwa ya kawaida kabisa: daftari la mnada ni nyaraka ya umma, na mkaguzi yeyote angeweza kulifungua kama tulivyolifungua sisi.

Uamuzi wa pili ulihusu kimo cha daraja. Njia rahisi ilikuwa kulipandisha juu ya msumari. Lakini daraja likipanda, tuta la barabara pande zote mbili nalo lazima lipande, na tuta refu kuvuka bonde tambarare ni bwawa lisilo rasmi: lingerudisha maji kwenye mashamba ya upande wa juu, na siku lingekatika lingeshuka na kila kitu. Kila aliyefanya kazi kanda hii anaikumbuka Reli ya Kati katika sehemu ya Kilosa hadi Gulwe, iliyokatwa na mafuriko mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 na kukaa miezi bila treni. Mto unaobeba mchanga mwingi haukubali kubanwa.

Tulichagua kuacha daraja karibu na kimo kilekile, tukiongeza mtiririko wa usanifu, yaani kiasi cha maji ambacho daraja linasanifiwa kupitisha, kwa moja ya tano, na kuacha mita 80 za tuta la upande mmoja zikiwa chini kwa makusudi, zimevikwa zege juu na gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) kwa upande wa chini, maji yanakoelekea, ili mafuriko makubwa yapite juu yake bila kulivunja. Barabara ingefungwa kwa saa kadhaa, pengine mara moja katika misimu michache, kisha ingefunguka. Daraja la mawe lilifikiriwa pia, kwa kuwa lingepunguza saruji, lakini mchanga wa korongo ulikuwa na kina kirefu mno kwa misingi yake.

Mheshimiwa diwani hakufurahi. Katika kikao cha kata alisema wananchi waliahidiwa daraja, na kwamba mahali ambapo maji yanapita juu ya barabara ni drifti, "na drifti tulikuwa nayo, ilikuwa ya ng'ombe." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana hakuna aliyemshirikisha kabla ya michoro kukamilika. Alichokubali mwishoni ni ahadi kwamba sehemu ya chini ingekuwa na zege kamili na si changarawe.

Uamuzi wa tatu, wa mkaa, ulikuwa dhaifu kuliko yote. Tulipendekeza mpango wa matumizi bora ya ardhi kwa vijiji vinne vya karibu, pamoja na geti lenye watumishi masika yote. Fedha za mambo hayo hazikuwa kwenye bajeti ya mradi, na sisi hatukuzidai. Yaliandikwa kama mapendekezo.

Matokeo

Mfadhili alipitisha ripoti bila swali lolote kuhusu tani 21. Ujenzi ulimalizika kabla ya mvua za 2023, na msimu wa 2023/24, uliokuwa wa Elinino, ukawa mtihani wa mapema kuliko tulivyotaka. Maji yalipita juu ya sehemu ya chini mara mbili. Mara ya kwanza barabara ilifungwa saa tano, mara ya pili karibu siku nzima. Tuta halikukatika, na jengo la mashine halikufikiwa na maji.

Mara ya pili kijana mmoja wa bodaboda alijaribu kuvuka maji yakiwa magotini. Alisukumwa hadi kwenye gabioni na kuokolewa na wapiga debe wa upande wa pili; pikipiki yake ilipatikana siku tatu baadaye, imefukiwa mchangani hadi usukani. Hatukuwa tumeweka vigingi vya kuonesha kina cha maji, kitu ambacho gharama yake ni ndogo kuliko mfuko wa saruji kwa kila kimoja.

Malori ya masika yalifika wastani wa 20 kwa siku, chini ya 30 tuliyotarajia. Bei ya alizeti shambani msimu ule ilikaribiana na ya mjini kuliko ilivyozoeleka. Getini, kitabu cha stakabadhi za mkaa kilichokuwa kikitosha masika nzima kilijaa kabla ya mwisho wa Februari.

Kiangazi cha 2024 tulirudi kukagua. Upande wa chini wa daraja sakafu ya korongo ilikuwa imeshuka karibu mita moja, na mkeka wa gabioni ulining'inia hewani. Mafuriko yalichangia, lakini si peke yake: matipa yalikuwa yakipakia mchanga mita 200 kutoka hapo, kwa ajili ya majengo ya mji unaokua kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016. Barabara nzuri ndiyo iliyowafikisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuuliza swali la "bila mradi" kwa mtu mwenye daftari. Muda tuliotumia kubishana kama saruji ihesabiwe kwa 0.7 au 0.75 ulikuwa na uzito wa karibu tani 16, mara moja tu. Malori sita dhidi ya thelathini yalibadilisha alama ya hesabu kutoka kutoa kwenda kujumlisha, kila mwaka. Kwa mradi wa ukubwa huu ningeanza na sentensi hiyo, niiandike kwa maneno kabla ya namba, niipeleke mnadani, kituo cha polisi wa barabarani na kwa watendaji wa vijiji, na jedwali lisifunguliwe hadi ikubalike.

Kuacha maji yapite juu nako kulifaulu, na si kwa sababu ya barabara tu. Vipimo vya kina cha maji ardhini katika bonde la Makutupora, linaloinywesha Dodoma, vilivyochukuliwa kwa zaidi ya miaka 50, vinaonesha kwamba maji ya ardhini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, wa 1997/98 ukiwa miongoni mwake. Mafuriko yanayotuudhi barabarani ndiyo yanayojaza visima. Tuta linaloruhusu maji kusambaa bondeni linafaa zaidi kwa nchi ya namna hii kuliko linaloyabana na kuyaharakisha. Hoja hii, nakiri, tuliipata baada ya kuchora. Tungekuwa nayo kwenye kikao cha kata, mazungumzo na diwani yangekuwa mengine.

Kuhusu mkaa tulishindwa kwa kujua. Tulikuwa na hesabu iliyoonesha kwamba athari kubwa kuliko zote za mradi huu kwa tabianchi haiko kwenye zege wala dizeli, kisha tukaiweka kwenye ukurasa wa mapendekezo ambao hakuna anayewajibika nao. Mpaka wa mradi ulichorwa na fomu, na tuliuheshimu kuliko ulivyostahili. Kama mpango wa ardhi ungekuwa kipengele cha mkataba chenye fedha yake, hata ndogo, kungekuwa na mtu wa kuulizwa kilipojaa kile kitabu.

Mchanga ni kushindwa kwa namna nyingine: hatukuufikiria. Tulipima korongo kama mfereji wa maji, lenye sakafu isiyosogea, wakati katika nchi hii korongo ni ghala la mchanga na mchanga una soko. Usanifu wote wa kuvumilia mafuriko ulisimama juu ya kimo cha sakafu ambacho tipa linaweza kukibadilisha kwa mwezi mmoja. Ustahimilivu wa tabianchi ulihesabiwa kwa makini hadi asilimia ya mvuke hewani, na chanzo cha hatari kikawa koleo.

Gabioni zimeongezwa na mkeka umeshushwa hadi usawa mpya wa sakafu. Vigingi kumi na viwili vya rangi nyekundu na nyeupe vimesimamishwa kwenye sehemu ya chini. Kila Oktoba, kabla ya mvua, fundi sanifu wa wilaya hupima sakafu ya korongo katika nukta nane na kupeleka namba hizo kwa mhandisi. Vibali vya kuchimba mchanga hutolewa na ofisi nyingine, milango miwili kutoka ya mhandisi, na hadi tulipofunga kisa hiki ofisi hiyo haikuwa kwenye orodha ya wanaopelekewa namba.